Mate ya Nyanya Akidor

Kila asubuhi bwenini, Nalwoga aliziba pua kabla hajagusa kikombe chake. Maziwa ya Lodwar yalinuka moshi! Msichana huyu wa Masaka, Uganda, alikuwa na muhula mmoja tu nchini Kenya, na karibu kila kitu kilimtia kinyaa: maziwa, vumbi, hata mafuta waliyojipaka wenzake.

Mwaka ule wa 1977 kwao kulikuwa na vurugu, kwa hiyo shule ilipofungwa hakuweza kurudi. Rafiki yake wa pekee, Nakiru, alimwombea nafasi kwao Kakuma likizo nzima. Wasingempokea huko, angebaki bwenini peke yake na popo.

Walipofika, nyanya yake Nakiru, Akidor, alitoka akicheka. "Ejok! Ejok!" alisalimu. Akamshika Nalwoga kichwa, kisha ptu! Mate yakatua kwenye paji la uso.

"Ala! Uchafu gani huu?" Nalwoga alipiga kelele, akajifuta kwa sketi.

Kicheko cha nyanya kilikatika. Mama Nakiru akakunja uso. "Hiyo ni baraka, wewe. Nyanya natemea mtoto yake tu. Kama unakataa, kesho lori ya Lodwar iko."

Nalwoga alijikunyata nyuma ya nyumba, akafungua kopo la senene, wale panzi wa kukaanga aliokuja nao kutoka kwao. Nakiru alipomfuata, Nalwoga akampa wachache. Nakiru aliona miguu, akakimbia kutapika.

"Unakula wadudu? Chafu wewe!"

"Ni chakula cha heshima!" Nalwoga alifoka. "Kwetu hapewi kila mtu!"

Kweli, nyani haoni kundule. Uso ulimwiva kwa aibu, kwa maana nyanya naye alikuwa amempa kitu asichopewa kila mtu.

Alikwenda akapiga magoti mbele ya Akidor, kama wasichana wa kwao wanavyoamkia wakubwa. "Nisamehe, nyanya." Akidor akatema tena, mengi kuliko mwanzo. Yalimteremkia mpaka puani. Bado alisikia kinyaa, lakini hakujifuta. Kisha akamnyooshea nyanya kopo kwa mikono miwili.

Nyanya alichukua senene mmoja, akafumba macho, akatafuna. Uso wote ulijikunja. Akameza, akasema neno kwa Kiturkana, na Mama Nakiru akaangua kicheko.

"Anasema ni mbaya sana," alitafsiri. "Lakini amemeza, juu imetoka kwa mtoto yake. Sikia, Nalwoga. Kusikia kinyaa si makosa, tumbo haina adabu. Makosa ni kuaibisha mtu anakupenda. Sasa ingia ndani. Hiyo lori itaenda bila wewe."