Maji Mazito Kama Lami

Maji yalikataa kuzunguka.

Akwero, mpimaji katika kiwanda kidogo cha rangi huko Kansanga, Kampala, alikuwa akisafisha mashine yake kama kila asubuhi. Ni kijiti cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe. Rangi ikiwa nzito, kijiti hulemewa na namba hupanda. Siku hiyo kikombe kilikuwa na maji matupu, lakini namba ilipanda kama ya lami. Akachovya kidole. Maji tu.

Kijiti kikasimama ghafla, kama kimeshikwa. Kikombe kikatoa pumzi.

Chumba kikajaa harufu ya jasho na tapentaini, na Akwero akaijua, kwani ndiyo iliyokuwa harufu ya Kasereka, Mkongo aliyekoroga rangi pale, aliyetumbukia ndani ya tangi wiki tatu nyuma na kutolewa amekufa, akazikwa kimyakimya nyuma ya stoo, huku mkewe akiambiwa mumewe ametoroka na kurudi Kongo. Uongo huo Akwero aliutilia sahihi kama shahidi.

"Bosi, ni yeye," alimnong'oneza Jafar, mwenye kiwanda, aliyeingia akifuata harufu.

"Nyamaza, nyabo," alijibu Jafar, akimwita bibi kwa Kiganda. Akaenda Old Kampala kumleta Shehe Abubaker.

Shehe alisoma, akapuliza juu ya kikombe. Kijiti kikazunguka mbio hadi meza ikatikisika.

"Maiti harudi," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini, na uongo wenu ndio uliomkaribisha. Mwambieni mjane ukweli, atatoka."

"Nimekuita umtoe, si kunihukumu," akasema Jafar.

Shehe akasoma tena, jasho likimchuruzika, maji yakichemka bila moto, mpaka kitu cha baridi kikapita miguuni mwa Akwero, na namba ikashuka. Jafar akacheka, akaamuru kazi iendelee. Shehe alikataa hata chai.

Mchana Darlène, mke wa Kasereka, akaja getini tena, mtoto mgongoni.

"Dada, hakuna habari ya bwana yangu?"

Akwero akaamua kusema yote, hata akifukuzwa. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kiume, yenye lafudhi ya Beni, mji wa kwao Kasereka.

"Darlène, sikukutoroka."

Darlène hakukimbia. Alimshika Akwero mashavu kwa mikono miwili, akamchungulia kinywani.

"Toka mule, baba," akasema, machozi yakimtiririka. "Toka, twende ku nyumba."