Msumeno wa Papa Nshombo

Jumamosi katika duka la Papa Nshombo si siku ya kupumzika. Watu wa Beechmont, mtaa wa Louisville huko Marekani, wanataka mbuzi. Watu wa South End yote wanataka mbuzi. Na mwezi ule wa Juni, mwaka 2015, kulikuwa na harusi kila wiki. Wageni walikuja na magari kutoka Columbus, wengine mpaka kutoka Buffalo. Mtu akiendesha gari kutwa nzima kuja harusini, utamlishaje kuku?

Mbuzi wa dukani huja wamegandishwa. Ni wagumu kama jiwe. Panga halifui dafu. Ndiyo maana nyuma ya duka kuna msumeno wa umeme. Ni mashine ndefu kama mtu mzima. Ina meza ya chuma, na katikati ya meza unapita utepe mwembamba wa chuma wenye meno. Utepe unakimbia kwenda chini, haupumziki. Ukisukuma nyama, unakata. Ukisukuma mfupa, unakata. Hauulizi hii ni nyama ya nani.

Aliyekuwa anasukuma nyama ni Aganze. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Aganze ni kijana mwenye adabu. Akitumwa, anakwenda. Akiambiwa na mkubwa, anasema, "Ndiyo, Papa." Shuleni anaongea Kiingereza kama redio, lakini neno "hapana" mbele ya mkubwa hakulijua kwa lugha yoyote. Wazazi wake, Mushagalusa na Laurentine, walijivunia sana jambo hilo.

Papa Nshombo si ndugu yao wa damu. Lakini familia hii ya Wakongo ilipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi, yeye ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege. Aliwaletea unga wa bugali. Aliwaonyesha basi la kupanda. Basi shule zilipofungwa, alikuja akasema, "Munipe Aganze anisaidie kidogo dukani." Mushagalusa hakuuliza ni kazi gani. Kumsaidia mtu kama baba mdogo si kazi, ni adabu. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Mama Laurentine aliwaza jambo moja tu: nyama ya barafu itamwunguza mtoto mikono. Akatafuta glavu za sufu. Mwezi wa sita! Muuzaji alimtazama kama mtu anayesubiri theluji. Lakini mama ni mama. Alizipata.

*

Jumapili, baada ya ibada, familia ilikaa kula. Kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Aganze alinyoosha mkono wa kushoto, akamega.

"Eh, Aganze!" Mama Laurentine alisema. "Tangu lini weye uko nakula bugali na mukono wa kushoto? Ni shule njo inakufundisha ivyo?"

"Nimechoka tu, Mama."

Dada yake mkubwa, Sandrine, ambaye yeye humwita Yaya, alicheka. Sandrine anafanya kazi ya kutunza wazee, na mdomo wake hauna likizo. "Amechoka mkono mmoja! Muite daktari wa wavivu. Na ule mwingine uko wapi? Uko nalala?"

"Yaya, niache."

Sandrine hakumwacha. Aliinama, akauvuta mkono wa kulia kutoka chini ya meza. Kicheko kikakatika.

Mkono ulikuwa umefungwa kwa mfuko wa plastiki na selotepu ya kufungia makatoni. Ndani ya mfuko damu ilikuwa imekauka. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba.

"Nini hii?" Papa Mushagalusa aliuliza.

"Ni jana," Aganze alisema. "Ule msumeno. Nyuzi za glavu zilishikwa na yale meno. Zikavuta kidole. Nikaruka nyuma."

Mama Laurentine alifunika mdomo. "Glavu yangu?"

"Na Papa Nshombo alisema nini?" Sandrine aliuliza.

"Alisema pole. Alinifunga. Akasema…" Aganze aliangalia sahani. "Akasema tukienda hospitali, niseme nilijikata na kisu. Nyumbani."

"Kisu!" Sandrine alisimama. "Nyumbani! Donc, yaani kidole kinakatwa kwake, na uwongo tunaupika kwetu?"

"Sandrine, shusha sauti," baba alisema. "Ule mutu alitupokea. Wakubwa walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Papa, huyu mkunga iko nakata watoto!"

Mushagalusa alinawa mkono, akainuka. Gari lake lilikuwa kwa fundi. Akatoka, akagonga mlango wa jirani.

*

Jirani anaitwa Florida. Ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Anafanya kazi katika kiwanda kikubwa cha nyama, na kazi yake ni kuwafundisha wafanyakazi wapya kutumia mashine bila kuumia. Alikuja, akautazama mkono. Hata pole hakusema.

"Una miaka mingapi, Aganze?"

"Kumi na sita."

"Nani amekuweka kwenye msumeno?"

"Papa Nshombo."

"Ingieni kwenye gari," Florida alisema.

Aliendesha mpaka taa nyekundu ya kwanza. Hapo hasira ilimtoka.

"Sikilizeni. Katika nchi hii, mtu ambaye hajafika miaka kumi na nane haruhusiwi kuendesha msumeno wa nyama. Wala zile mashine za kukata nyama vipande vyembamba. Hata kuziosha haruhusiwi. Hata kama zimezimwa."

"Hata kuosha?" Aganze aliuliza. "Kila jioni ni miye naosha."

Florida alipiga usukani kwa kiganja.

"Lakini si kazi," Mushagalusa alisema taratibu. "Iko nasaidia tu. Ni kama mutoto yake."

"Analipwa?"

"Iko nalipwa."

"Basi ni kazi. Na hata angekuwa mtoto wake wa kumzaa, sheria ni ile ile. Mzazi naye haruhusiwi kumweka mwanawe pale kabla ya miaka kumi na nane. Msumeno haujui ukoo, Papa Mushagalusa."

Mama Laurentine aliongea kwa sauti ndogo. "Na glavu? Ni miye nilinunua."

"Ulinunua kwa upendo, Mama Laurentine. Lakini kitambaa ni adui karibu na kitu kinachozunguka au kukimbia. Uzi ukishikwa, mkono unafuata. Glavu za baridi ni za kubebea nyama. Kwenye msumeno anavua. Shati la mikono mirefu inayoning'inia, hapana. Mkufu, hapana. Na nyama haisukumwi kwa vidole. Kuna kifaa cha kuisukumia. Tena utepe wote unafunikwa na kinga ya chuma. Unaachwa wazi kiasi cha unene wa nyama tu." Akamtazama Aganze kwenye kioo. "Kinga ya msumeno wenu iko wapi?"

"Papa Nshombo aliitoa. Alisema inachelewesha wateja."



"Inachelewesha," Mushagalusa alirudia, kama mtu anayetafuna mchanga.

"Na lile la kisu cha nyumbani msilikubali," Florida alisema. "Mtu akiumia kazini, bima ya mwajiri ndiyo inalipa hospitali. Mkisema nyumbani, bili ni yenu. Na kesho mtoto mwingine atasimama pale pale, mbele ya utepe ule ule."

*

Hospitalini, daktari alimpigia mkalimani simu ili aongee na wazazi. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, unaomba tu. Sauti ya mtu wa mbali ikajaa chumbani.

"Daktari anauliza, kijana ameumia akiwa wapi?"

Aganze alimwangalia baba yake. Baba aliangalia sakafu. Pengine aliuona uwanja wa ndege, na mtu mmoja tu aliyekuja kuwapokea. Sandrine alifungua mdomo, mama yake akamfinya.

"Mzee, unanisikia?" mkalimani aliuliza. "Ameumia wapi?"

Mushagalusa aliinua kichwa.

"Kazini," alisema. "Aandike kazini. Dukani. Kwenye msumeno bila kinga. Na aandike miaka yake."

Daktari alisafisha kidonda, akashona. Kisha akaeleza. Meno ya utepe yalisimama karibu kabisa na mshipa unaokunja kidole. Yangeingia kidogo zaidi, kidole kingebaki kimenyooka maisha yote. Na mpaka nyuzi zitoke, hakuna mtu angeweza kujua kama kitakunjika vizuri.

*

Jumatatu asubuhi, Mushagalusa mwenyewe alimpigia Papa Nshombo simu, akamwambia alichosema hospitali. Hakutaka ayasikie kwa watu. Jioni Papa Nshombo alifika. Alikaa kwenye kiti kikubwa bila kukaribishwa.

"Bon, ndugu zangu," alianza kwa sauti ya asali. "Mambo ya nyumbani tunamalizia nyumbani. Juu ya nini, kwa nini hasa, muliandikisha kazini? Munataka serikali ifunge duka yangu? Bima itanipandishia bei! Ile ilikuwa ajali tu. Aganze ni mutoto yangu."

"Samahani, Papa Nshombo, nina swali," Sandrine alisema. "Mugisho naye ni mtoto wako?"

"Mugisho? Si ni wa kwanza wangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Mkubwa kuliko Aganze. Na ana nguvu, tunamwona akicheza mpira. Sasa juu ya nini yeye anakaa kwenye kiti mbele, anapokea pesa, na feni inampuliza? Juu ya nini hayuko nyuma na mbuzi?"

"Ah, Mugisho…" Papa Nshombo alifuta jasho. "Mugisho, hapana. Ule msumeno ni mubaya."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Alitaka kuyarudisha, lakini yalikuwa yamekwisha kukaa katikati ya chumba.

Mama Laurentine alisimama. Mwanamke huyu hajawahi kumpandishia mgeni sauti.

"Ulijua," alisema. "Ulijua! Miye nilinunua glavu kwa kutokujua. Nililia usiku mzima juu ya glavu. Weye ulijua, njo maana ulificha wako na ukaweka wangu!"

"Mama Laurentine, tusikasirike…"

"Tukasirike! Leo tukasirike kabisa!"

Papa Nshombo aliona wakubwa wamemshinda. Akageukia yule ambaye siku zote humjibu ndiyo.

"Aganze, mwanangu. Tunaheshimiana, sivyo? Kidole kikipona, utarudi kunisaidia. Tutakata polepole. Eh?"

Aganze aliuangalia mkono wake, akaangalia uso wa mkubwa aliyewapokea.

"Hapana, Papa," alisema. "Kupanga vitu, sawa. Kupima, sawa. Msumeno sigusi. Wala siuoshi."

Papa Nshombo alimtazama Mushagalusa. Alingoja baba amkemee mtoto kwa kukosa adabu.

"Umemusikia," Mushagalusa alisema. "Mutoto amejibu vizuri."

*

Wiki ile ile, Mushagalusa na Florida walipiga simu ofisi ya serikali inayosimamia kazi. Waliomba mkalimani, wakapewa. Mtu wa ofisi aliwaeleza mambo mawili. Kwanza, anayeleta malalamiko anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Pili, mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu amesema ukweli kuhusu hatari kazini. Mushagalusa alisema jina lake litajwe, tena walisome vizuri.

Mkaguzi alikuja dukani. Msumeno ukazimwa mpaka kinga irudishwe. Papa Nshombo alilipa faini, akatafuta mtu mzima wa kukata nyama, naye akafundishwa kwanza. Bima ya duka ililipa hospitali.

Si wote waliofurahi. Kanisani watu walinong'ona. "Familia ile haina shukrani," walisema. "Mtu anakupokea, wewe unamshitaki." Waliosema hivyo walikuwa na vidole vyao kumi, vyote vinakunjika. Sandrine aliwaambia hivyo hivyo, mlangoni, baada ya misa. Papa Nshombo hakuwasalimia mwezi mzima. Mama Laurentine naye hakumsalimia, na hakuona kama amepungukiwa na kitu.

Lakini vijana walianza kuulizana. Mmoja alikuwa anaosha mashine ya kukata nyama mgahawani. Mwingine alikuwa anaendesha gari la kunyanyulia mizigo ghalani, naye hajafika miaka kumi na nane. Walikuja kwa Florida mmoja mmoja, wakauliza. Wazazi wao wakaja pia.

Nyuzi zilipotolewa, daktari alimwambia Aganze akunje kidole. Mama Laurentine alifumba macho. Kidole kilikunjika. Kilikunjika taratibu, kwa maumivu, mpaka kikagusa kiganja.

"Sawa," Sandrine alisema, akifuta machozi haraka ili asionekane. "Sasa hana sababu ya kukataa kuosha vyombo."

Mwezi wa nane, Papa Nshombo mwenyewe alimwita Aganze arudi. Kazi ilikuwa kupima nyama, kuifunga na kupanga rafu. Baba yake alikwenda naye kwanza. Aliiona kinga kwa macho yake, akaigusa kwa mkono wake. Ndipo akasema ndiyo.

Jumamosi ya kwanza mstari ulifika mpaka nje. Mkataji alikuwa mmoja na alikata bila haraka. Mama mmoja mzee, Nyirabagenzi, alikuwa na wageni wanaongoja nyumbani. Alimwita Aganze kwa kidole.

"Weye mutoto, si unajua ile mashini? Nikatie mbio mbio. Zamani mulikuwa munakata haraka!"

"Ndiyo, Mama," Aganze alisema. Akaweka mkono mezani, kiganja juu, kovu la kidole likionekana. "Zamani tulikuwa tunakata mbuzi na vidole pamoja."

Nyirabagenzi aliliangalia lile kovu. Kisha akaweka kikapu chake chini, akangoja zamu yake.