Pijo ya Mzee Kailemia

Watoto wengine wa kijijini Muthara wakitoka shule hukimbilia uwanjani kucheza. Nkirote alikimbilia gereji. Mama yake, Marcella, alikuwa fundi wa magari, na gereji yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara kuu. Kazi ya Nkirote ilikuwa kuosha spana, kuokota nati zilizoanguka na kuchemsha chai. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kucha zake zilikuwa nyeusi kuliko za mvulana yeyote darasani. Wala hakuona haya.

Wakati huo mama alikuwa amepata kazi kubwa. Mzee Kailemia, mwalimu mstaafu, alikuwa na Pijo, gari la zamani lililompeleka kanisani siku ya harusi yake. Lilikuwa limelala ghalani miaka mingi, kuku wakitagia kwenye viti. Mzee aliwapita mafundi wanaume wote sokoni akamkabidhi Marcella. Wenye midomo yao hawakukosa la kusema. "Injini ya Pijo si sufuria ya githeri," walicheka. Mama aliziba masikio. Aliifungua injini yote, akaitia pete mpya za pistoni, akaifunga upya. Siku ilipowashwa ikanguruma vizuri, na hata wale waliocheka walipiga makofi.

Makofi hayo hayajapoa, oili ikaanza kudondoka.

Nkirote alijua jambo ambalo mama hakulijua. Kabla injini haijawashwa, mama alikuwa amemwambia aoshe vumbi na masizi. "Maji yasiingie ndani," alimwonya. Juu ya injini palikuwa na bomba la mpira ambalo injini hupumulia. Mama alikuwa ameliosha kwa mikono yake, lakini mdomo wake mmoja ulikuwa bado wazi. Nyumbani kwao, kifuniko cha mtungi wa maji kikipotea, watu huziba kwa gunzi la mahindi. Basi Nkirote akachukua gunzi dogo, akaziba bomba. Alipomaliza kuosha na kujaribu kulitoa, likateleza ndani. Alilivuta kwa waya, likazidi kuzama. Kisha akasikia hatua za mama.

"Ni gunzi tu," alijiambia, akaondoka. Mama akalifunga bomba mahali pake.

Oili ilipoanza kuvuja, mama alimwuliza, "Nkirote, kuna kitu ulishika kwa hii injini?"

"Hapana, mama."

Neno lilimtoka upesi. Kulirudisha ndiko kulikokuwa kazi.

Oili ilikuwa ikidondoka nyuma ya injini. Mama akashusha giaboksi, akabadilisha sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke. Akarudisha kila kitu, akawasha. Ikavuja. Akarudia tena kazi ile ile, mgongo ukimuuma. Ikavuja vilevile. Ndipo alipovamia duka la Salesio, muuza vipuri, akamkaripia mbele ya wateja.

"Umeniuzia sili feki, Salesio! Unataka kuniharibia jina?"

"Mama Nkirote, hiyo sili ndiyo mimi huuzia kila mtu," Salesio alijibu polepole. "Sijawahi kukuibia."

"Basi leo umeanza!"

Maneno husambaa upesi kuliko oili. Kutoka siku hiyo wateja walilipita duka la Salesio wakitazama kando. Nkirote alimwona akipanguza vumbi kwenye rafu ambazo hazikuwa na vumbi. Gerejini nako, magari mawili yaliyokuwa yakingoja yalihamishwa kwa fundi mwingine. Mama aliacha kuimba kazini. Nkirote naye hakuweza kumeza chakula. Kila alipofungua mdomo aseme, aliogopa, na kila siku iliyopita iliongeza ukubwa wa jambo la kusema.

Hatimaye Mzee Kailemia akatuma ujumbe: angekuja na trekta jioni ile kulivuta gari lake.

Mama alijaribu mara ya mwisho. Aliosha injini, akaikausha, akainyunyizia poda ya watoto hadi ikawa nyeupe yote, kisha akaiwasha. Mahali ambapo poda ingelowa kwanza ndipo palipovuja. Wote wawili walichutama wakitazama. Poda ililowa nyuma. Ikalowa mbele. Kijiti cha kupimia oili nacho kikajiinua chenyewe, oili ikachuruzika kando yake. Mama akafungua kifuniko cha kutilia oili, hewa ikamfumukia usoni, na mara matone yakapungua.

Akazima injini, akaketi juu ya gurudumu.

"Kuna presha imefungiwa ndani," alisema kwa sauti ndogo. "Bomba la kupumua niliosha mwenyewe, liko wazi. Basi ni zile pete za pistoni zinazopitisha hewa. Mimi ndiye nilizifunga vibaya." Machozi yakamtoka, na Nkirote hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia. "Walisema ukweli, mwanangu. Mikono yangu haiwezi. Mzee akichukua gari yake, nitauza spana zote."

Trekta ikasikika ikikata kona.

"Mama, usiuze!" alipiga kelele. "Mikono yako haina shida. Bomba limeziba. Kuna gunzi ndani. Niliweka mimi, na ulipouliza nikadanganya."

Mama alimtazama. Kisha akainuka, akalegeza kibano, akang'oa bomba. Alichomeka bisibisi, akavuta kwa nguvu, gunzi likatoka jeusi likinuka oili. Mzee Kailemia alikuwa tayari amesimama mlangoni. Mama alipanguza injini, akanyunyiza poda upya, akawasha. Walingoja. Poda ilibaki nyeupe. Mzee akamwashiria dereva wa trekta aende zake.

Nkirote alitamani achapwe yaishe. Mama alimwambia tu, "Vaa viatu. Twende kwa Salesio."

Dukani, mama alipaza sauti kama siku ile ya ugomvi, watu wakageuka. "Salesio, sili yako ilikuwa nzuri. Nilitafuta wa kulaumu kabla sijakagua injini yote. Nilikukosea mbele ya watu, nakuomba msamaha mbele ya watu."

Kisha akamsukuma Nkirote mbele. Msichana akaeleza yote, machozi yakimtiririka.

Salesio aliweka kitambaa chake chini. "Hilo gunzi ni ajali," alisema. "Mtoto yeyote anaweza kufanya hivyo. Lakini ile 'hapana' yako imenikalisha hapa nikijiuliza kama kweli mimi ni mwizi. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako."

"Nilikuwa naogopa," Nkirote alisema.

"Najua. Mama yako pia aliogopa. Hata mimi niliogopa. Ungesema siku ile ile, ungeogopa peke yako, na siku moja tu."