Kidonda cha Mama Adrienne na Batri ya Redio

Mama Adrienne alikuwa mshonaji katika mtaa wa Kataki, mjini Kalemie. Alishona kwa mashine ya kukanyaga kwa miguu. Kila mwezi wa nane kazi ilikuwa nyingi, maana wazazi walitaka nguo za shule kabla masomo hayajaanza. Mume wake, Papa Urbain, alitengeneza redio katika kibanda kilichokuwa mbele ya nyumba.

Mwaka huo Mama Adrienne alikuwa na kidonda chini ya mguu wa kulia, karibu na kidole gumba. Kilianza kama lengelenge, kwa sababu ya kiatu kipya. Lengelenge likapasuka. Miezi ikapita, kidonda hakikufunga. Alikitia unga wa vidonge, akakifunga kwa kipande cha nguo, akaendelea kukanyaga mashine.

"Hakiumi," aliwaambia wateja. "Kitapona tu."

Siku moja Papa Urbain aliona video katika telefone. Ilionyesha bendeji inayojitengenezea umeme yenyewe na kusaidia vidonda vya muda mrefu. Video ilikuwa fupi. Papa Urbain aliingia nyumbani mbio.

"Mama, umeme unaponya vidonda! Na mimi njo fundi. Nitakutengenezea yako."

"Hautanichoma?"

"Batri ya redio haiwezi kuchoma muntu. Ni kidogo sana."

Alilowesha kitambaa kwa maji. Akalaza nyaya mbili za shaba kando ya kidonda, akaziunganisha na batri, akafunga vizuri. Alifanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Unasikia nini?" aliuliza.

"Sisikii kitu."

Papa Urbain alifurahi. Alidhani dawa inafanya kazi polepole.

Juma lililofuata, Mama Laure alikuja kuchukua nguo za watoto wake. Mama Laure alikuwa mwuguzi katika kituo cha afya cha mtaa. Alipoketi, alisikia harufu mbaya.

"Mama Adrienne, una kidonda?"

"Kidogo tu, mu muguu."

"Nionyeshe."

Mama Adrienne alifungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kimetoa usaha. Kando yake, pale nyaya zilipolala, ngozi ilikuwa nyeusi.

"Nani aliweka kitu hapa?"

Mama Adrienne alimtazama mume wake. Papa Urbain alisimama mlangoni.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka nyaya za batri."

Mama Laure hakumgombeza. Alimgeukia mgonjwa.

"Ulisikia maumivu?"

"Hapana, Mama. Hata kidogo."

"Hiyo njo kitu kinaniogopesha. Muntu mwingine angetupa hizo nyaya mara moja. Twende kituoni leo. Tusingoje kesho."

Walipanda pikipiki. Kituoni, Mama Laure alimchoma Mama Adrienne kidole, akapima tone la damu. Sukari ilikuwa juu sana.

"Una ugonjwa wa sukari," alimwambia. "Sukari ikizidi muda mrefu mu damu, inaharibu mishipa ya miguu. Muguu hausikii tena maumivu. Damu nayo haifiki vizuri. Kwa hiyo kidonda hakifungi."

"Basi video ile ilikuwa uongo?" aliuliza Papa Urbain.

"Si uongo, Papa. Ngozi yetu iko na umeme wake, dhaifu sana. Ngozi ikipasuka, umeme huo unasaidia kuonyesha mwili pa kujenga. Watafiti wanatengeneza bendeji za kuiga umeme ule. Zingine zinapata nguvu kwa maji, zingine kwa mwendo wa mwili. Lakini nyingi wangali wanazijaribu, zingine kwa panya tu. Hapa kwetu hazijafika. Na umeme wake unapimwa kwa uangalifu. Wa batri yako haukupimwa. Ulichoma nyama."

Papa Urbain aliinamisha kichwa. "Ningemupotezea muguu wake."

"Mungechelewa tena, pengine hospitali wangeukata. Sasa tufanye kazi."

Mama Laure alinawa mikono kwa sabuni. Alisafisha kidonda kwa maji safi ya chumvi, akaondoa nyama iliyokufa, akafunika kwa bendeji safi. Daktari wa kituo alimwandikia Mama Adrienne dawa ya usaha na dawa ya sukari.

"Usitie unga, wala majivu, wala dawa ya meno," Mama Laure alieleza. "Bendeji ikilowa, uje tuibadilishe. Ukiona homa, muguu ukivimba au ukiwa mweusi, uje mbio. Na usikanyage mashine."

"Nisikanyage?" Mama Adrienne alipaza sauti. "Nguo za shule za watu ziko kwangu! Tutakula nini?"

"Kila ukikanyaga, unakifungua upya."

Mama Adrienne alilia. Alilia njia yote hadi nyumbani.

Papa Urbain aliingia katika kibanda chake. Alichukua pedali ya baiskeli iliyoharibika, akaifunga kwa skrubu kwenye gurudumu la juu la mashine. Sasa mashine iliweza kuzungushwa kwa mkono. Mara ya kwanza uzi ulikatika. Alilegeza, akakaza, akajaribu tena. Mashine ikashona.

Kazi ilikwenda polepole. Wateja wengine walichukua vitambaa vyao, wakampelekea mshonaji mwingine. Mama Adrienne alikasirika, lakini hakukanyaga. Alipunguza sukari na ugali, akaongeza mboga na samaki. Alikunywa dawa zake. Kila asubuhi Papa Urbain alimkagua miguu yote miwili, mpaka katikati ya vidole.

Kidonda kilianza kupungua. Pale palipoungua palichelewa zaidi. Watu walipoanza kuleta vitambaa vya Krismasi, ngozi ilikuwa imefunga. Mguu ulibaki mzima, wenye kovu.

Baadaye jirani mmoja, Kizito, alifika kibandani pamoja na mama yake. Mama huyo alichechemea.

"Papa Urbain," Kizito alisema, "nasikia unajua bendeji ya umeme. Mama yangu ana kidonda. Mutengenezee na yeye."

"Niliitengeneza," alijibu Papa Urbain. "Ilimuchoma bibi yangu, Mama Adrienne."

Alizima redio aliyokuwa akiijaribu, akafunga kibanda.

"Amepimwa sukari?"

"Bado."

Papa Urbain alimpa mama mkono wake aushike.

"Twende, Mama. Tutembee polepole. Mama Laure yuko kazini leo."