Fundi Asiyetaka Kufika

"Unasimama tena?"

Muuguzi alishuka, akavua helmeti. Mchumba wake, fundi pikipiki, alishaanza kutoa brashi na kichupa cha oili kwenye begi.

"Safari ndefu hii, mpenzi. Cheni haitaki mzaha."

Walitoka nyumbani alfajiri, kilomita mia nne hadi zahanati alikohamishiwa muuguzi. Mara ya kwanza fundi aliposimama, muuguzi alielewa: mzigo mzito, cheni imelegea. Fundi alilegeza nati, akavuta gurudumu nyuma kidogo, akapima cheni kwa kidole, akakaza. Mara ya pili walikuwa wametoka kwenye vumbi. Akaipangusa, akaipaka oili. Sasa hii ya tatu, kilomita thelathini tu mbele?

Muuguzi akachuchumaa, akaigusa cheni. Kidole kikarudi kinang'aa.

"Mbona bado imelowa oili? Miaka miwili nakusubiri gereji jioni ufunge kazi, unadhani sijajifunza kitu?"

Fundi akazungusha gurudumu.

"Wewe, si nakuuliza?"

"Sitaki tufike."

"Unasemaje?"

"Tukifika nitageuza, nirudi peke yangu. Nikilifikiria hilo, mguu wenyewe unakanyaga breki."

Muuguzi akakaa kwenye jiwe. Tangu barua ya uhamisho ije, huyu bwana alikuwa akisema "hongera" tu, mpaka muuguzi akaamini hajali.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeacha kazi kwa ajili yangu. Nisingejisamehe."

"Nani kakwambia ningeacha? Spana zako ndizo hazijui kusafiri?"

"Na gereji?"

"Mwachie kaka yako. Mafundi wawili mnagombania mteja mmoja kila siku!"

Fundi akacheka, macho yamemlowa. Akafuta mikono kwa kitambaa, akamshika mkono.

"Basi nihamie?"

"Mpaka nikupigie magoti?"

Muuguzi akamwandikia mama yake: "Mama, tutachelewa kufika. Mkweo anahamia huku na mimi."

Jibu likaja hapohapo: "Yeye ndiye kachelewa. Baba yako nilishamwambia tangu mwezi uliopita kwamba atakufuata."

Walifika jua likiwa bado juu. Mganga mkuu wa zahanati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, aliwapokea mlangoni.

"Karibu, mwanangu. Na huyu kijana?"

"Mume wangu mtarajiwa. Ni fundi pikipiki, anatafuta chumba cha gereji."

Mganga akapiga makofi.

"Chumba kipo, nyuma ya nyumba yangu! Aanze na pikipiki ya zahanati. Mwezi wa pili huu tunaisukuma kwenda kuchanja watoto."