Ng'washi Kwenye Usaili

Novatus alipoingia kusailiwa, Wilhelmina alinusa udongo mbichi, kama wa kaburi la jana. Akatazama viatu vya kijana. Vilikuwa vikavu, vimeng'arishwa.

Kiwanda cha pamba pale Bariadi kilikuwa kinatafuta msimamizi wa zamu. Wilhelmina, ofisa utumishi, aliuliza maswali. Deogratias, mhasibu, aliandika majibu.

"Tueleze siku ulipoagizwa kufanya jambo la hatari kazini. Ulifanyaje?"

Novatus akatabasamu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana.

"Pamba ilikwama, mayu. Nikasema tuzime mashine kwanza. Ukasema wageni wanatazama, niingie kuikwamua hivyo hivyo."

Wilhelmina akaitambua ile sauti. Aliyekuwa akimwita mayu, kama mama mzazi, ni Ng'washi peke yake, binti wa kijiji cha Mwamapalala aliyefukiwa na pamba msimu uliopita. Na ili kuokoa cheo chake, Wilhelmina aliapa mbele ya wafiwa kwamba binti aliingia amelewa. Mama wa watu akamzika mwanawe kwa aibu. Ukatili ulioje, kumsingizia maiti!

"Deo, umesikia ile sauti?" alinong'ona Wilhelmina, kijana alipotoka.

"Sauti gani, dada? Kajibu vizuri tu."

Akajikaza kisabuni, akamwita Lucy, msailiwa aliyefuata, akabadilisha swali makusudi, lakini Lucy naye akafumbua kinywa na sauti ile ile ikaendelea pale ilipoishia, ikieleza jinsi pamba ilivyoshuka na kumjaa puani, jinsi alivyoita mayu, mayu, huku akisikia viatu vya Wilhelmina vikienda zake kuwakaribisha wageni chai, na harufu ya udongo ikazidi hadi Wilhelmina akaona anaumeza.

"Tuahirishe," alisema Wilhelmina.

Lucy akaondoka. Deogratias akaweka kalamu chini, akainua macho yasiyopepesa.

"Bado wewe, mayu," akasema kwa sauti ya Ng'washi. "Siku ile uliapa mbele ya mama yangu. Je, nilikuwa nimelewa? Sema kweli, nikuachie pumzi yako."

Neno moja tu lingemwokoa. Lakini Wilhelmina aliufikiria ukurugenzi alioahidiwa.

"Ulikuwa umelewa."

Koo likamkaba. Deogratias akazinduka, akamwona dada wa watu anatapatapa, utepe mweupe wa pamba ukining'inia mdomoni. Akauvuta. Ukaja, umelowa, mrefu, hauna mwisho, na ndani kabisa ya kifua cha Wilhelmina msichana akawa anacheka.