Jina la Tatu Kwenye Tableti

Giza lilikuwa linaingia Mlolongo, Ndunge akapanda juu ya ghorofa kuanua nepi, maana vumbi la machimbo halina huruma, na mtoto alikuwa amesinzia kidogo, kidogo tu, baada ya wiki tatu za kulia kila jioni mpaka mama mtu akawa anatembea kama mlevi. Hospitali walisema mtoto hana ugonjwa.

Aliporudi mlangoni, alisikia mtu anakohoa ndani.

Mumewe Jeff, dereva wa lori, alikuwa safarini Malaba. Na mlango Ndunge alikuwa ameufunga mwenyewe.

Akafungua. Hakuna mtu. Ile hom thieta ya Jeff, mtambo wake wa spika za televisheni, ilikuwa inawaka, nayo haiwashwi ila kwa tableti, na tableti ilikuwa juu ya kabati, pale pale alipoiacha. Kikohozi kilitoka kwenye spika ya nyuma, iliyo karibu na kitanda cha mtoto. Kikohozi cha mtu mzee... kikavu... halafu harufu ya ugoro.

Mtoto akaanza kulia.

Ndunge akanyakua tableti, akateremsha sauti mpaka sifuri. Ikapanda yenyewe. Akateremsha. Ikapanda. Akatazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa: televisheni, hom thieta, na cha tatu ambacho hakukijua.

Mutheu.

Akalisoma tena. Mutheu alikuwa mamake Jeff, mnusa ugoro, aliyezikwa Kivaa mwezi mmoja kabla mtoto hajazaliwa. Kwa Wakamba msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, hilo halina mjadala. Lakini Ndunge, hoi baada ya uchungu, Jeff hayupo, aliandikisha Nzisa, jina la marehemu mama yake mwenyewe, aliyemlea peke yake. Tangu siku hiyo Jeff hakuwahi kumwita Mama Nzisa.

Akampigia. Jeff akasema labda ni simu ya jirani, hivyo vitu hushikana ovyo. Kisha akauliza, polepole, kama kuna harufu ya ugoro.

"Iko."

"Mpe jina lake, Ndunge. Mama alikufa akilingoja."

Alikuwa amechoka. Hata kuogopa kulikuwa kumemchosha. Akambeba mtoto, akamnong'oneza sikioni huku akimlilia marehemu mama yake mwenyewe, maana alijua anamtupa.

"Lala, Mutheu. Lala, mama."

Spika ikanyamaza. Mtoto akalala papo hapo, mwili ukalegea... Ndunge akajilaza kando yake, viatu miguuni, akafumba macho.

Tableti ikalia mara moja.

Hakutaka kutazama. Akatazama.

Nzisa anaomba kuunganishwa. Kubali. Kataa.

Nyuma ya kichwa chake spika ikaanza kupumua, na safari hii harufu haikuwa ya ugoro. Ilikuwa ya sabuni ya mche, ile aliyoogeshwa nayo na mama yake utotoni. Akasogeza kidole juu ya kioo, asibonyeze. Akageuka. Mtoto alikuwa amefumbua macho, halii, anamtazama, kama anayengoja achague.